Hatia ya Chombo na Hatia ya Mwenyewe

Iko kanuni katika sheria ya forodha ambayo watu wengi huishi maisha yao yote bila ya kuisoma, na wale waisomao aghalabu huisoma wakati mali yao imekwisha kutiwa mkononi mwa serikali. Kanuni hiyo, iliyomo katika kifungu cha 211 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, hunena kwamba gari, mnyama au kitu kinginecho kilichotumiwa kuingiza au kuchukua mali inayostahili kutaifishwa, nacho chenyewe hustahili kutaifishwa. Kifungu hicho hakiulizi gari ni la nani, wala kama mwenyewe alikuwapo, wala kama alijua. Hulitazama gari, likakutwa na shehena iliyokwepa ushuru, basi limekwisha kuhukumiwa. Nami nataka kuuliza, kwa adabu inayoipasa sheria na kwa uhuru unaompasa mtu mwenye akili, kama hukumu ya namna hii ni ya haki mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri. Kwa maana kitu kisicho na nia hakiwezi kutenda dhambi, na adhabu isiyomtafuta mkosaji haitofautiani na msiba isipokuwa kwa joho la hakimu ililovikwa.

Swali hili naliweka Katangi, katika nchi ya Yatta, Kaunti ya Machakos, ingawa Katangi haina mpaka wala bandari. Busia na Malaba, ambako sigara huvushwa kutoka Uganda bila ya kulipiwa ushuru, ziko mbali sana upande wa magharibi. Na upande wa pili barabara kuu itokayo Garissa kwenda Thika, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na sifa mbaya ya kupitisha sukari ya magendo iliyotoka Somalia, hupita Matuu na Kithimani, kaskazini ya Katangi. Lakini mali ya magendo haikai mpakani. Hufikishwa mijini, hugawanywa mafungu madogo madogo, hupakiwa katika magari ya watu wa kawaida, kisha hutawanyika katika maduka na vibanda vya masoko yasiyo na afisa wa forodha hata mmoja, ambako mvutaji hununua sigara moja moja na hana haja ya kuitazama stempu ya pakiti. Kwa hiyo mwenye gari wa Katangi yumo katika jambo hili hata kama hajapata kuuona mpaka wa nchi kwa macho yake.

Asiyejua gari ni kitu gani katika mji kama ule hawezi kuupima uzito wa kulinyang'anywa. Lifikirie gari dogo la Probox, rangi yake imefifia kwa jua na vumbi jekundu, viti vya nyuma vimekunjwa ili magunia ya ndengu yapate nafasi, mbuzi wawili wamefungwa miguu karibu na mlango wa nyuma, na juu ya paa godoro limekazwa kwa kamba za mpira. Gari hilo hilo asubuhi hupeleka mama mjamzito hospitali ya Matuu, adhuhuri huleta mitungi ya maji, na jioni hurudisha wachuuzi kutoka sokoni. Mwenyewe labda ni mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake ndani yake na kuongeza mkopo wa sacco. Dereva ni kijana wa jirani. Na kila usiku kijana huleta hesabu ya siku, akabaki na chake, na katika hesabu hiyo hutoka karo ya watoto wa nyumba mbili.

Sasa tuchukulie, kwa ajili ya kulichunguza jambo, kwamba siku moja kijana amekodiwa Thika kuleta marobota, na kwenye kizuizi cha barabara marobota yamefunguliwa, na chini ya nguo kuukuu zimekutwa sigara zisizo na stempu za ushuru. Gari limepelekwa uwanjani pa serikali. Kijana amerudi nyumbani kwa miguu, amesimama mlangoni, hana la kufanya na mikono yake.

"Mwalimu, shikamoo. Gari limeshikwa."

"Marahaba. Ulibeba nini?"

"Niliambiwa ni mitumba, Mwalimu. Sikufungua."

Katika maneno haya machache yamo masuala matatu ambayo wanazuoni wa dini zote wameyashughulikia kwa karne nyingi. La kwanza ni kama kijana alikuwa na haki ya kutofungua. La pili ni kama mwalimu, aliyekuwa nyumbani akipalilia shamba lake, ana sehemu yoyote katika jambo lililotendeka barabarani. La tatu, ambalo sheria ya forodha huliruka kana kwamba halipo, ni gari lenyewe limetenda nini.

Torati ya Musa, katika sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, ilikutana na suali hili kwa sura ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, mnyama huyo hupigwa mawe wala nyama yake hailiwi, lakini mwenyewe huachiliwa, hana lawama. Ila kama ng'ombe alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe akaonywa, naye asimzuie, hapo hukumu hugeuka ikamwangukia mwenye ng'ombe pia, tena kwa ukali mkubwa. Tazama jinsi ilivyopimwa. Chombo cha mauti huondolewa, kwa sababu damu imemwagika na jumuiya haiwezi kuendelea kana kwamba haikumwagika. Lakini mwanadamu haguswi mpaka aulizwe, Je, ulijua? Ulionywa? Sharti la onyo ndilo lililobeba haki yote ya sheria ile. Waingereza wa zamani walikuwa na desturi iliyofanana na ile, ya mfalme kutwaa gurudumu, farasi au mkokoteni uliosababisha kifo cha mtu, na desturi hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1846, wakati treni zilipokuwa zimeanza kuua watu na wenye reli hawakupenda kutozwa thamani ya mitambo yao. Basi chombo kiuacho kwa bahati mbaya kimesamehewa karne nzima na nusu na zaidi. Chombo kichukuacho sigara hakijasamehewa.

Katika Uislamu msingi wa jambo ni ule ufundishwao na Kurani katika zaidi ya sura moja, mathalani katika Sura ya An-Najm, kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyingine. Juu ya msingi huo mafakihi walijenga mjadala mrefu kuhusu adhabu ya mali, yaani kama mtawala anaruhusiwa kumwadhibu mkosaji kwa kutwaa au kuharibu mali yake. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, aliona kwamba adhabu huwa juu ya miili, haiwi juu ya mali. Na wengi miongoni mwa wanazuoni wa madhehebu mengine walikuwa karibu na rai hiyo, kwa kuogopa kwamba mtawala akifunguliwa mlango huo ataingia kwa kisingizio cha haki akatoka na mali za watu. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walikhitalifu nao, wakatoa mifano ya masahaba, wakasema kwamba adhabu ya mali yafaa pale inapokata mzizi wa uovu. Mimi naona kwamba hofu ya wale wa kwanza ilikuwa na mashiko, na hoja ya hawa wa pili nayo haikosi nguvu. Lakini katika ikhtilafu yote hiyo walikuwa wakinena juu ya mali ya mkosaji. Sijaona njia ya kuipitisha rai ya Ibn Taymiyya, kwa upana wake wote, ikaishia katika mali ya mtu ambaye hakukosa.

Isidhaniwe kwamba nataka kuwapunguzia lawama wauza magendo. Tumbaku huua wavutaji kwa mamilioni kila mwaka duniani, na ushuru ni mojawapo ya silaha chache ambazo serikali imejaliwa nazo dhidi yake, kwa kuwa sigara ikiwa ghali kijana wa shule huiacha kabla ya kuizoea. Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikaanza kuweka stempu za kisasa katika pakiti za sigara mwaka 2013, na mwaka 2020 ikajiunga na itifaki ya kimataifa ya kukomesha biashara haramu ya tumbaku. Hizi ni kazi njema. Mwenye kuingiza sigara kwa siri hukiibia kituo cha afya dawa zake, kisha hukipelekea wagonjwa, na sioni kwa nini tumhurumie. Wala kazi ya forodha yenyewe si ya kudharauliwa. Shaaban Robert, ambaye sote tunaoandika kwa lugha hii tunamwia deni, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, na Mathayo mtume aliitwa akiwa ameketi penye kazi hiyo hiyo. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasitoze kupita kile walichoamriwa.

Na serikali inayo hoja ambayo hainipi raha kuijibu. Ikiwa kila mwenye gari aliyekuwa nyumbani ataachiliwa, basi wakuu wa magendo watakodi magari ya watu walio nyumbani. Hawatabeba kamwe kwa magari yao. Neno "sikujua" litakuwa na bei yake sokoni kama kitu kingine chochote, na litanunuliwa. Ninajua kwamba haya si maneno ya kubuni, kwa kuwa tayari ndivyo mambo yanavyokwenda: mwenye mali hukaa mbali, dereva hulipwa nauli iliyozidi kidogo ile ya desturi, na mwenye gari huletewa hesabu iliyonona kuliko ya jana wala haulizi imenonaje. Kutouliza huko nako kuna uzito wake. Yule mwenye ng'ombe wa Kutoka hakuwa ameua, lakini alionywa akanyamaza. Mwalimu wetu, ikiwa kwa miezi mitatu hesabu ilizidi naye akaipokea kwa furaha na kimya, alikuwa ameonywa na fedha yenyewe.

Lakini hoja hii, nzuri kama ilivyo, huthibitisha kwamba lazima mwenye gari aulizwe. Haithibitishi kwamba aadhibiwe bila ya kuulizwa. Ugumu wa kuutambua ukweli ndio uliowafanya wanadamu wakaweka mahakama. Wazee wa Ukambani, waliposhindwa kupata ushahidi, walikuwa na kiapo cha kithitu, kilichoogopwa kuliko jela yoyote ya Mzungu, nacho kiliaminiwa kumwangamiza mwapaji wa uongo pamoja na jamaa zake. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba mila za kwetu hazikupata kumtia asiye na kosa katika adhabu ya mkosaji. Hata hivyo kithitu kilingoja mpaka mtu aitwe, asimame, afungue kinywa chake na kuapa. Hakikuondoka chenyewe kwenda kumtafuta mtu ambaye hakuitwa barazani.

Pwani yetu imepata kuona vyema nini hutokea chombo kinapohukumiwa kwa sura yake. Katika miaka ya 1860 na 1870, manowari za Kiingereza zilizunguka katika bahari hii, tangu Kilwa mpaka pwani za Arabuni, zikiwinda majahazi ya watumwa, na hapana mja mwenye imani atakayesema kwamba kuwakomboa wale watu haikuwa kazi tukufu. Lakini manahodha wa manowari walilipwa bakshishi kwa kila mtumwa aliyekombolewa, na walilipwa vile vile kwa tani za jahazi lililoangamizwa. Na majahazi mengi yalichomwa moto baharini, kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu wa Unguja, kwa maelezo kwamba yalikuwa mabovu hayawezi kuvutwa mpaka bandarini. Masufuria makubwa ya kupikia, maji yaliyozidi mahitaji ya mabaharia, mbao za kutandika sitaha ya ziada, vyote viliweza kuhesabiwa ushahidi, ingawa jahazi lolote lililochukua abiria au mahujaji lilihitaji chakula, maji na mahali pa kulala. Fikiria nahodha wa Kihadhrami aliyesimama katika mashua ya watu wengine akiona jahazi lake linawaka, pamoja na tende na chumvi za matajiri waliomwamini, na wale waliolipima urefu na upana wake kabla ya kulitia moto ndio wale wale watakaolipwa kwa vipimo hivyo. Mabalozi wa Kiingereza wenyewe pale Unguja walipeleka malalamiko. Ubaya wa utumwa haukupunguzwa na dhulma hiyo, wala dhulma hiyo haikuhalalishwa na ubaya wa utumwa. Nimekaa sana juu ya habari hii kwa sababu naona watu wengi, wakisikia kwamba lengo la sheria ni jema, hudhani wamekwisha kusikia yote.

Liko tena jambo la kadiri ya adhabu. Tangu mwisho wa mwaka 2024 ushuru wa bidhaa katika Kenya ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000. Kwa hiyo katoni kubwa moja, yenye sigara 10,000, hudaiwa shilingi 41,000, na katoni tano shilingi 205,000. Tuseme zilizokutwa chini ya nguo ni hizo tano, na gari la mwalimu lina thamani ya shilingi 900,000. Sigara zimekwisha kutwaliwa, na hilo ni haki tupu. Kisha juu ya sigara hutwaliwa gari, ambalo thamani yake ni zaidi ya mara nne ya ushuru huo uliokwepwa. Sheria ya Musa ilimtoza mwizi wa kondoo kondoo wanne, na Zakayo mtoza ushuru, alipotubu, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Lakini huyo wa kwanza alikuwa mwizi, na huyu wa pili aliahidi kwa hiari yake juu ya makosa yake. Hapa anayelipa zaidi ya mara nne ni mtu ambaye hajaulizwa hata swali moja. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mwaka 2019 iliyotoka jimbo la Indiana, iliambiwa habari ya gari la dola 42,000 lililotwaliwa kwa kosa ambalo faini yake kubwa kabisa ilikuwa dola 10,000, na majaji wote kwa pamoja waliamua kwamba katazo la faini zilizopita kiasi huyabana majimbo pia, na kwamba utwaaji wa namna ile haukimbii katazo hilo. Na katika Uingereza, mwaka 2002, mahakama ya rufani iliyoongozwa na Lord Phillips ilikataa kukubali kwamba mtu aliyewanunulia jamaa zake tumbaku ng'ambo kwa bei ile ile aliyonunulia, bila ya faida, anyang'anywe gari sawasawa na mchuuzi wa magendo. Walisema lazima kadiri itazamwe, na kila kosa lipewe uzito wake.

Kifungu chetu cha 211 nacho kinajua kutazama kadiri, ila kimeitazama upande usiopasa. Chombo cha baharini kilicho chini ya tani 250 hutaifishwa. Kilicho cha tani 250 au zaidi hakitaifishwi kwa kosa hilo, bali huweza kuzuiliwa, na faini hutozwa. Najua sababu yake. Meli kubwa ina mabaharia wengi na shehena za watu wengi, na ingekuwa dhulma iliyo wazi kumpokonya tajiri meli nzima kwa sababu baharia mmoja ameficha katoni za sigara chini ya kitanda chake. Naam, hiyo ni dhulma, na waliotunga sheria waliiona. Waliiona kwa sababu ya ukubwa wa meli. Hawakuiona katika mashua ya mvuvi, wala katika Probox, wala katika punda, ingawa punda mmoja kwa maskini ni sehemu kubwa zaidi ya riziki yake kuliko meli moja kwa kampuni yenye meli thelathini. Torati ilikuwa imeliona jambo hili kutoka upande wa pili: katika sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, mwenye kudai amekatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Deni lilikuwa la kweli, mdai alikuwa na haki yake, na bado palikuwa na kitu kimoja nyumbani mwa mdaiwa ambacho mkono wake haukuruhusiwa kukigusa. Gari la kukodishwa, katika Katangi, ndilo jiwe hilo la kusagia.

Kwa watu wa Machakos habari ya serikali kuja kutwaa riziki kwa sababu njema si ngeni. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi uwezo wa ardhi, ikaanza kuwakamata kwa nguvu na kuwauza mnadani, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilichojengwa Athi River kilikuwa kinawangojea. Mmomonyoko wa udongo haukuwa uongo. Makorongo yalikuwapo na yangalipo. Lakini watu waliona kwamba ukweli wa makorongo haukumpa afisa ruhusa ya kuchukua ng'ombe ambaye ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye maziwa ya mtoto, tena kwa bei ya kutupwa. Muindi Mbingu wa Ngelani aliwaongoza maelfu yao, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, nyumbani kwa lugha hii ninayoiandika. Lakini minada ya nguvu ilikomeshwa. Wale waliokwenda Nairobi hawakuwa wakiukana utawala wala kuitetea ardhi iliyoharibika. Walikuwa wakidai kuulizwa kabla ya kunyang'anywa.

Ndiyo sababu siwaafiki watu wa dini, nao ni wengi, wasemao kwamba mcha Mungu akinyang'anywa gari na forodha anyamaze, atoe shukrani kwa kuwa hakufungwa, na amwachie Mungu. Wakitaja amri ya Paulo ya kumlipa ushuru astahiliye ushuru, wanataja jambo la haki. Lakini ushuru na gari ni vitu viwili. Subira ni fadhila pale ambapo hakuna mlango uliofunguliwa. Hapa mlango upo, na sheria yenyewe ndiyo iliyouweka: afisa aliyekamata hupaswa kumpa mwenyewe taarifa kwa maandishi na sababu za kukamata ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na mwenyewe ana mwezi mmoja wa kupeleka dai lake kwa Kamishna kwa maandishi. Asipodai katika mwezi huo, gari huhesabiwa limekwisha kuhukumiwa, na hapana hakimu atakayekuwa ameliona. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 40, humlinda mtu asipokonywe mali yake kiholela, na katika ibara ya 47 humpa haki ya kutendewa na maofisa wa serikali kwa njia iliyo halali, ya kiadilifu na yenye kufuata taratibu. Mtu anayenyamaza huwaachia maofisa waamini kwamba kifungu kinafanya kazi vizuri, na huwaachia majirani zake wafikiri kwamba alikuwa mkosaji. Kudai, basi, ni wema anaowatendea wote wawili.

Njia hiyo si nyepesi. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa mabegani mwa mwenye kudai. Yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ushuru ulilipwa, jambo ambalo mwalimu, asiye na habari ya sigara, hataweza. Na hapo kando pamewekwa njia ya mkato: mtu huweza kumwomba Kamishna amalize shauri kwa sulhu bila ya mahakama, kwa sharti la kukiri kwa maandishi kwamba ametenda kosa, kisha akatozwa kiasi fulani. Wakosaji hufaidika na njia hiyo, na sioni ubaya. Ila kwa mtu ambaye hakukosa ni mtihani mkubwa. Gari limekaa uwanjani, magurudumu yanatoa upepo, betri inakufa, sacco inadai, na mbele yake ipo karatasi inayomtaka aandike kwa mkono wake kwamba alifanya jambo ambalo hakulifanya. Akiandika, huenda akarudi nyumbani na gari lake. Nchi inayompa mtu mwaminifu bei ya namna hii ya kulinunua gari lake mwenyewe kwa ushahidi wa uongo dhidi ya nafsi yake, imemfanyia ubaya mkubwa kuliko kama ingalimtoza faini mara mbili. Na hili ningependa Bunge la Afrika Mashariki, lililoitunga sheria, lilirekebishe kabla ya lingine lolote, kwa kuongeza maneno machache tu yanayomruhusu mwenye chombo kuthibitisha kwamba hakujua, hakuwa na sababu ya kushuku, na alichukua hadhari ambayo mtu wa kawaida angaliichukua.

Na yeye mwenye kudai ana fardhi yake, ambayo mawakili hawataikazia sana. Atakula kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Ikiwa ni kweli kwamba hesabu ya kila jioni ilikuwa imezidi kwa miezi mitatu, na kwamba usiku mmoja aliwaza juu yake kisha akalala, basi na aandike hivyo, hata kama wakili atamshauri aache. Anaweza kulikosa gari kwa sababu ya mstari ule mmoja. Kijana naye aulizwe upya, safari hii bila ya hasira, ni nani aliyemlipa Thika na alimwahidi nini, kwa kuwa yule mwenye marobota, ambaye mpaka sasa jina lake halimo katika karatasi hata moja ya shauri hili, ndiye mwenye sigara, na ndiye aliyepaswa kuulizwa wa kwanza.